Programu ipi ya barua pepe ikutunzie anwani? Tano tumezipanga, ya kwanza hadi ya mwisho

Anayetafuta programu ya barua pepe ya kompyuta kwa kawaida huangalia kisanduku cha barua kwanza: inafunguka haraka, inakubali Gmail, sura yake inavutia. Kitabu cha anwani hukumbukwa siku ya kubadilisha kompyuta, na hapo ndipo inapobainika kuwa nusu ya wateja hawakuwahi kuhifadhiwa popote. Majina yao yalikuwa yakijitokeza tu kila ulipoanza kuandika kwenye "To".

Kwa hiyo hapa hatuzipimi programu kwa uzuri wa kisanduku. Tunaangalia zinavyohifadhi anwani, zinavyozigawa katika folda na vikundi, na kama zinakuachia uondoke nazo siku ukitaka kuhama. Majina ya vitufe tumeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta kwenye skrini.

Kwanza jua anwani zako zinakaa wapi

Ziko sehemu tatu. Ya kwanza ni kwenye seva: Google, iCloud, Microsoft 365 au seva ya ofisi. Ukizibadilisha kwenye simu, kompyuta nayo inazipata. Ya pili ni faili ndani ya kompyuta yenyewe. Diski ikifa, zimekwenda. Ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi, nayo ni kumbukumbu ya programu ya majina uliyowahi kuyaandikia. Hiyo si kitabu cha anwani. Haina namba ya simu wala jina la kampuni, na mara nyingi haiingii kwenye faili unalotoa unapohama.

Kipimo chake ni rahisi. Fungua kitabu cha anwani chenyewe (usianzie kwenye barua mpya), kisha tafuta mtu unayemwandikia kila wiki. Asipoonekana, yuko sehemu ya tatu. Muongeze sasa kabla hujagusa kitu kingine.

Ukishajua hilo, swali la kununua linakuwa fupi: programu hii inaongea na seva yangu? Google, iCloud na Nextcloud (programu ya seva ambayo ofisi inaweza kuiendesha yenyewe) hutumia utaratibu wa wazi uitwao CardDAV, uliowekwa rasmi mwaka 2011. Microsoft ina utaratibu wake. Programu isiyojua lugha ya seva yako itakulazimisha kubeba anwani kwa faili, na nakala zilizobebwa kwa faili huanza kupishana na za kwenye simu siku hiyohiyo.

1. Thunderbird

Bei: bure, hata kwa biashara. Windows, Mac na Linux.

Ndiyo chaguo letu kwa watu wengi, hasa anayetumia Gmail au seva ya kampuni yake ndogo. Uwezo wa CardDAV umo ndani tangu toleo la 91 la mwaka 2021, na kitabu cha anwani kilijengwa upya katika toleo la 102 mwaka uliofuata. Ukisoma malalamiko ya zamani kuhusu kitabu chake, angalia kwanza ni ya toleo gani.

Kuunganisha Google: bonyeza Ctrl+Shift+B, nenda sehemu ya kuunda kitabu kipya, chagua "Add CardDAV Address Book", andika anwani yako ya Gmail, ingia kwenye dirisha la Google litakalofunguka, kisha weka tiki kwenye kitabu unachotaka. Kwa iCloud nenosiri la kawaida litakataliwa. Inabidi utengeneze nenosiri la programu kwenye ukurasa wa akaunti yako ya Apple, ulitumie hilo.

Kikwazo chake kikubwa kiko kwenye orodha za kuwatumia watu wengi barua kwa pamoja. Thunderbird haiundi orodha ndani ya kitabu cha CardDAV. Utaiunda kwenye "Personal Address Book", ambacho kinakaa kwenye kompyuta, na kila mtu unayemwingiza huko anapata kadi ya pili. Mteja akibadilisha barua pepe, ukairekebisha kwenye simu, orodha ya kompyuta itaendelea kumwandikia kwa anwani ya zamani bila kukuambia. Kwa hiyo orodha ziwe chache, na mtu mmoja ofisini awe na kazi ya kuzipitia.

Jambo la pili ni "Collected Addresses". Kila unayemjibu anatupwa humo, na baada ya miaka miwili panajaa anwani za benki zisizopokea majibu na watu waliouliza bei mara moja. Ukitaka uamuzi uwe wako, ondoa tiki ya "Automatically add outgoing e-mail addresses" kwenye mipangilio ya Composition. Ila usiufute mkusanyiko wote kabla ya kuhamisha majina ya maana kwenda kitabu kikuu.

Nakala rudufu: funga programu, kisha nakili abook.sqlite (kitabu kikuu) na history.sqlite (kilichokusanywa) kutoka kwenye folda ya wasifu wako. Vitabu vya ziada hukaa kwenye mafaili yake, abook-1.sqlite na kuendelea. Folda yenyewe utaifikia kupitia Help, "Troubleshooting Information", mstari wa "Profile Folder". Ukinakili programu ikiwa wazi, unaweza kupata faili lisilokamilika.

Haina chombo cha ndani cha kutafuta kadi zinazojirudia. Kama anwani ziko Google, kasafishe hukohuko kwenye Google Contacts, Thunderbird itafuata.

2. eM Client

Bei: toleo la bure ni la matumizi binafsi na haliruhusu zaidi ya akaunti mbili, kwa biashara ni lazima ulipe. Windows na Mac.

Nguvu yake ni kwa mtu mwenye vitu mchanganyiko: Microsoft ya kazini, Gmail binafsi na iCloud ya simu. Zote tatu zinaingia, anwani pamoja na kalenda, bila kuongeza kiambatisho chochote (yaani programu ndogo ya kuongezea uwezo, si faili la kwenye barua). Ina chombo cha kuondoa marudio, "Deduplicator", ndani ya menyu ya Tools, na inaweza kujitengenezea nakala rudufu kwa ratiba. Kwa kazi ya anwani peke yake inaizidi Thunderbird. Tumeiweka ya pili kwa sababu ya leseni.

Kabla ya kulipa, soma mambo mawili kwenye ukurasa wa bei: leseni inahesabu kompyuta ngapi, na je, inafunika matoleo makuu yajayo au hili la sasa tu. Maneno "malipo ya mara moja" hayajibu swali la pili. Anza na toleo la bure, uunganishe akaunti mbili ngumu kuliko zote ulizonazo. Zikikaa vizuri kwa wiki mbili, ndipo ulipe.

3. Contacts na Mail za Apple

Ukiwa na Mac, umeshazinunua. Contacts inapokea iCloud, Google, CardDAV na Exchange (seva ya barua ya Microsoft kwa ofisi), inaunganisha kadi zinazojirudia, na inatengeneza orodha zinazojijaza zenyewe kwa masharti unayoweka, mfano kila mwenye kampuni fulani. Majina yaliyoandikiwa bila kuhifadhiwa yako ndani ya Mail, menyu ya Window, "Previous Recipients"; unaweza kuyachagua na kuyaingiza kwenye Contacts kutoka hapohapo, jambo ambalo tungependa kuliona kwenye programu zote. Nakala rudufu: File, Export, "Contacts Archive". Faili hilo linafunguliwa na Mac tu, kwa hiyo anayehamia Windows atoe vCard, faili la .vcf la kadi za anwani ambalo programu nyingi hulisoma.

4. Outlook ya jadi (classic)

Bei: huja na Microsoft 365 kwa malipo ya kila mwaka au kila mwezi, au na Office ya kununua mara moja. Angalia jina la kifurushi vizuri. Office Home 2024 haina Outlook; iliyo nayo ni Home & Business. Kosa hilo hugunduliwa pesa zikiwa zimeshatoka.

Kama ofisi yako iko kwenye Microsoft 365 au Exchange, ipandishe hii hadi nafasi ya kwanza na usihangaike na nyingine. Anwani zinakaa kwenye seva, kitabu cha ofisi nzima kinaonekana, na folda za anwani zinaweza kugawiwa wenzako. Microsoft imesema itaendelea kuihudumia angalau hadi 2029. Tumeiteremsha kwa ajili ya wengine wote, wanaoitumia na Gmail au barua pepe ya IMAP (njia ya kawaida ya kusoma barua zinazobaki kwenye seva) kutoka kwa mwenye kuwauzia tovuti. Outlook ya jadi haijui CardDAV. Utahitaji kiambatisho kama CalDav Synchronizer, ambacho ni cha bure.

Hatari ya IMAP ni kubwa kuliko hiyo. Tangu Outlook 2013, anwani unazohifadhi chini ya akaunti ya IMAP hukaa kwenye folda iliyoandikwa "This computer only". Barua ziko kwenye seva, anwani hazipo huko. Barua zikigoma kuingia, ushauri wa kwanza wa mafundi wengi ni "futa akaunti, iweke upya". Ukifuta, barua zitarudi zote. Anwani zinakwenda na akaunti. Kabla ya mtu yeyote kugusa akaunti: File, "Open & Export", "Import/Export", "Export to a file", chagua .pst, weka alama kwenye folda ya Contacts, na hakikisha faili limehifadhiwa nje ya kompyuta hiyo.

Ukiunda folda nyingine ya anwani, tuseme "Wasambazaji", majina yake yanaweza yasionekane ukibofya "To". Bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, kichupo cha "Outlook Address Book", weka tiki kwenye "Show this folder as an e-mail Address Book". Watu wengi wameingiza anwani upya mara ya pili kwa kutojua tiki hiyo. Kwa maoni yetu folda zisizidi tatu au nne. Mgawanyo mwingine ufanye kwa rangi za "Categories", kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa mteja na pia msambazaji, na folda zitakulazimisha kumwandika mara mbili.

Na kwa laptop iliyouzwa dukani ikiwa na Office tayari ndani, fungua File, "Office Account", uone kama imeandikwa "Product Activated" au ina usajili wa jina lako. Leseni ya kubahatisha ikizimwa, utabaki unasoma bila kuweza kufanya mengi, na anwani ziko ndani.

5. Outlook mpya ya Windows

Ni ya bure na ndiyo iliyochukua nafasi ya Mail na Calendar za Windows, ambazo Microsoft ilizifunga mwisho wa 2024. Toleo la bure lina matangazo. Akaunti zisizo za Microsoft hupitishwa kwenye seva za Microsoft, na viambatisho vya Outlook ya jadi, pamoja na kile cha CardDAV, havifanyi kazi humu. Kwa mtu wa Outlook.com inatosha. Kwa ofisi yenye anwani za wateja, hapana.

Mwenye Linux asiyeipenda Thunderbird achukue Evolution: ni bure na inajua CardDAV, LDAP (utaratibu wa vitabu vya anwani vya ofisi) na, kwa kifurushi cha ziada cha evolution-ews, Exchange.

Kuhama bila kuharibu namba

vCard ndiyo ya kuchagua popote inapokubaliwa, isipokuwa unapoingia Outlook ya jadi. Yenyewe, ukiipa faili moja la .vcf lenye watu 300, itachukua wa kwanza tu. Huko tumia CSV, faili la maandishi lenye safu kama za jedwali.

CSV nayo ina balaa lake, na jina lake ni Excel. Ukilifungua faili kwa kubofya mara mbili, 0712345678 inapoteza sifuri ya mbele. +255712345678 inapoteza alama ya kujumlisha na, kwa kuwa ina tarakimu 12, inaonekana kama 2.55712E+11. Ukibonyeza Save, kinachoandikwa kwenye faili ni hicho unachokiona, na namba halisi haipo tena. Namba za Kenya zinazoanza na +254 zinapata ajali hiyohiyo. Usibofye mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data, "From Text/CSV", na uiambie safu za simu ni Text. LibreOffice Calc inakuuliza yenyewe wakati wa kufungua: bofya kichwa cha safu, chagua Text, na herufi ziwe UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi za lugha zote). Outlook ya jadi mara nyingine huisoma UTF-8 vibaya, kwa hiyo kama una majina yenye é au ç, kama ya wateja wa Kongo au Burundi, yakague kwanza.

Ingiza watu watano kabla ya wote. Chagua mwenye majina matatu, mwenye simu mbili, mwenye anwani ndefu ya posta. Ukiwa Thunderbird, waingize kwenye kitabu kipya kabisa. Ukurasa wa kuingiza unakupa nafasi ya kukiunda. Safu zikiingia vibaya, jina la kampuni likaonekana kama jina la mtu, unafuta kitabu kizima badala ya kufukuzia kadi moja moja ndani ya kitabu chako kikuu.

Ukitumia Gmail kupitia programu ya kompyuta, ujumbe mmoja hauvuki wapokeaji 100, kwa hiyo kikundi cha watu 180 kigawe mara mbili. Waweke kwenye Bcc, ambako wapokeaji hawaonani: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na orodha nzima ya wateja ikiwa wazi kwenye "Cc" imekwishafika kwa kila mtu aliyeipokea.