Mipira Mirefu ya Breki kwa Land Cruiser 79 Iliyoinuliwa

Land Cruiser 79 ikishainuliwa kwa inchi 2, mpira wa breki unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli haupaswi kuachwa ule wa kiwandani kabla ya kupimwa, kwa sababu gurudumu linaponing'inia korongoni ekseli hushuka kuliko ilivyozoea na mpira hukazika hadi mwisho wake. Ukikatika hapo, mafuta ya breki yanamwagika na dereva anabaki na breki za upande mmoja tu, za mbele au za nyuma.

Seti ya mipira mirefu ninayoitathmini niliinunua Arusha. Ndani ina mrija wa tefloni, juu yake wavu wa chuma kisichoshika kutu, kisha ganda la plastiki angavu, na kila mpira una alama ya DOT (Idara ya Uchukuzi ya Marekani) kama kiwango cha Marekani cha FMVSS 106 kinavyotaka. Kilichonipendeza zaidi ni muuzaji mwenyewe. Nilipotaja springi zilizoinua gari alinijibu, "Kaka, inchi za springi haziniambii kitu, niambie ekseli inashuka mpaka wapi." Ndivyo inavyotakiwa: chesisi ipandishwe kwa jeki na kuwekwa kwenye stendi mpaka magurudumu yaning'inie, shokapu zikiwa zimefungwa, kisha ipimwe kamba kufuata njia ya mpira, na kwa mbele usukani ukatwe hadi mwisho kila upande. Duka jingine lilikuwa limenishauri niunge mipira miwili kwa kiungio cha shaba. Ushauri huo naupinga kabisa, kwani kiungio kinachobembea hewani ni mahali papya pa kuvujia, na uzito wake huuchosha mpira.

Nati za milimita 10 ziliingia vizuri kwa mkono kabla ya kukazwa kwa spana, na baada ya kutoa hewa kwenye mafuta ya breki, tukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu (ile inayosukumwa na pedali), pedali ilikuwa imara kuliko awali, maana wavu wa chuma hauachi mrija utanuke. Urefu wa ziada haukuleta tabu nyuma. Mbele, springi zilipobanwa, mpira ulijikunja karibu na tairi, ikabidi uelekezwe upya. Wavu wa chuma ukisugua kitu hukikata kama msumeno, na ganda la plastiki halitoshi kuuzuia.

Kasoro ya seti ni kwamba haina vibano vya kushikilia ncha ya mpira kwenye chesisi, na vile vya zamani huwa vimeliwa na kutu kiasi cha kuvunjika vikitolewa. Kwa bei inayozidi mara mbili ya mipira ya kawaida, vibano vilipaswa kuwamo.

Muuzaji pia hakugusia valvu inayogawa presha ya breki za nyuma, ambayo mkono wake umeungwa kwenye ekseli. Gari likiinuliwa, valvu hiyo huona kana kwamba halina mzigo, hivyo hupunguza presha ya nyuma hata kama limejaa watu. Anayenunua seti hii aagize pamoja nayo kipande cha kurudisha mkono huo mahali pake, na fundi aurekebishe siku hiyo hiyo anapofunga mipira.