Nakala mbovu ilininyima Night of the Living Dead

Mara ya kwanza nilipoitazama Night of the Living Dead, filamu ya kutisha ya wafu wanaoinuka na kuwala walio hai, ilikuwa kwenye kioo cha simu, nakala ya bure ya mtandaoni, na niliizima kabla haijafika nusu. Picha ilijaa chenga, nyuso zilikuwa nyeupe kama zimepakwa unga, sauti ilikwaruza, na usiku wenyewe ulikuwa kiza kitupu ambamo hujui nani anamkimbiza nani. Nikaiweka kwenye fungu la filamu za kale zinazosifiwa kwa umri wake tu. Nilikaa na hukumu hiyo miaka kadhaa, na kibaya zaidi niliwaambia na wengine. Aliyenibadilisha ni toleo la diski mbili lililotoka mwaka 2018, na naandika haya kwa sababu najua wengi wameionja filamu hii kupitia nakala kama ile yangu.

Nakala mbovu zimezagaa kwa sababu maalumu. Mwongozaji George A. Romero na wenzake walikuwa wakitengeneza matangazo ya televisheni mjini Pittsburgh, Marekani, wakachangishana fedha na kuipiga filamu yao ya kwanza kwa takriban dola 114,000. Iliitwa Night of the Flesh Eaters. Kabla haijatoka Oktoba 1968, wasambazaji walibadilisha jina, na walipoliondoa la zamani kwenye filamu iliondoka pia ilani ya hakimiliki iliyokuwa imeandikwa pamoja nalo. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilidai ilani hiyo ionekane kwenye kazi yenyewe. Haikuonekana, basi filamu ikawa mali ya umma. Kila aliyekuwa na mashine akanakili na kuuza, nakala ikazaa nakala, na kila kizazi kikapoteza kitu: kivuli hapa, neno pale, ukingo wa picha kule. Mwaka 1986 likatoka hadi toleo lililopakwa rangi, wafu wakiwa na ngozi ya kijani. Watu walioitengeneza hawakupata walichostahili, na kazi yao ikaenea duniani ikiwa imechakaa. Linaniuma hilo, hata nikijua kwamba kuenea huko ndiko kulikoifanya ijulikane.

Toleo hili limetokana na negativu halisi ya milimita 35, ile iliyopita ndani ya kamera. Ukarabati ulifanywa na jumba la Museum of Modern Art la New York pamoja na The Film Foundation, taasisi ya kuhifadhi filamu, Romero mwenyewe na wenzake wa awali wakihusika, na ulionyeshwa hadharani mwaka 2016. Romero alifariki Julai 2017. Nafarijika kujua kwamba aliwahi kuiona filamu yake ikiwa safi tena.

Nilizima taa zote na simu pia. Dakika chache tu, pale makaburini, nilijikuta nimekaa wima. Johnny, kaka yake Barbra, msichana ambaye filamu inaanza naye, amevaa glavu. Kwenye nakala yangu ya zamani mikono yake ilikuwa mabaka meusi tu. Sasa glavu zinaonekana waziwazi, na anaporudi mwishoni ndani ya kundi la wafu ni zilezile, na mwili ulinisisimka kabla sijautambua uso wake. Kisha Barbra anaingia kwenye ile nyumba ya shambani na kukutana ana kwa ana na vichwa vya wanyama vilivyotundikwa ukutani, kamera ikivirukia kimoja kimoja. Zamani nilidhani ni kasoro ya uhariri. Ukiviona vizuri, unaelewa kwamba nyumba aliyoikimbilia nayo imejaa wafu.

Romero ndiye aliyeshika kamera na ndiye aliyehariri, na hapa ndipo ustadi wake unapoonekana. Taa chache, zimewekwa chini au pembeni, vivuli virefu vinapanda ukutani, kamera imeinamishwa kidogo kiasi cha kukufanya uhisi sakafu imelala upande. Pale Barbra anapochungulia kwenye kisanduku cha muziki, mng'ao mdogo unampitia usoni, na kwa sekunde chache unaona mtu ambaye akili yake imejificha mbali. Hakuna kilichokuwa kimebaki cha tukio hilo kwenye nakala yangu. Nimefurahi pia kwamba waliokarabati hawakuisugua picha ikawa laini kama plastiki. Punje za filamu zipo, na weusi ni mweusi kwelikweli, si kijivu.

Sauti ni ya mkondo mmoja, kama ilivyokuwa tangu mwanzo, ila sasa ule mkwaruzo umetoweka. Nyundo ya Ben, mhusika mkuu, anapopigilia mbao madirishani inagonga hadi kifuani. Redio na televisheni ya ndani ya filamu zinasikika neno kwa neno, na ni muhimu, maana watu waliojifungia mle wanazisikiliza kama sisi tunavyozisikiliza siku za maafa: kila taarifa inabadilika, kila mmoja anashika ile inayomfaa. Neno zombi, kwa njia, halitamkwi hata mara moja.

Sasa nifike kwa Duane Jones, aliyemwigiza Ben. Kama hujaitazama, ruka aya hii. Ben ni mwanamume mweusi anayeshika usukani wa nyumba iliyojaa Wazungu wenye hofu, mwaka 1968, na hakuna anayetaja rangi yake kwa mdomo. Romero alisema kila mara kwamba Jones alipewa nafasi kwa sababu alikuwa mwigizaji bora kati ya waliojaribiwa. Anaongea kwa utulivu, anafikiri kwa mikono, anapiga misumari huku akisimulia aliyoyaona barabarani, na katika picha hii safi unaona hofu anayoibana kwenye taya. Tumelelewa na kanuni kwamba stelingi hafi. Ben anapita usiku mzima, anatoka akiwa hai, na asubuhi genge la wawindaji wa wafu linamlenga dirishani na kumpiga risasi. Halafu filamu inasimama kutembea. Zinafuata picha za mnato zenye chembechembe kama za gazetini, mwili wake ukishikwa kwa ndoano za kubebea nyama. Romero alisimulia kwamba walikuwa njiani kuipeleka filamu New York, ikiwa ndani ya buti ya gari, waliposikia redioni kuwa Martin Luther King ameuawa. Nilizitazama picha zile mara tatu usiku uleule. Simu yangu ya zamani haikuwahi kunifikisha huko.

Diski ya pili ina ziada nyingi. Kuna toleo la awali la kazi, kabla ya uhariri wa mwisho, lenye jina Night of Anubis. Hilo ni la mpenzi sugu, mgeni asianzie hapo. Maelezo ya sauti ya watengenezaji, yaliyorekodiwa mwaka 1994, ni matamu zaidi: watu hawa waliigiza, wakapaka vipodozi, wakatafuta fedha, wakatumia sharubati ya chokoleti kama damu kwa kuwa kwenye picha nyeusi na nyeupe ilionekana sawasawa. Muziki waliununua kutoka maktaba ya muziki uliokwisha rekodiwa.

Mawili ya kuangalia kabla ya kununua. Diski za Blu-ray hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia zinakokubali kuchezwa, na mashine yangu ya kwanza ilizikataa, kwa hiyo soma herufi ya kanda nyuma ya kasha. Na maandishi ya chini ni ya Kiingereza pekee.

Duane Jones ndiye aliyenipeleka kwenye filamu inayofuata. Mwaka 1973 aliigiza katika Ganja & Hess ya Bill Gunn. Watayarishaji walitaka filamu rahisi ya wanyonya damu, Gunn akawapa jambo zito na la ajabu kuhusu kiu, imani na mapenzi. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, kisha ikachukuliwa, ikakatwakatwa na kuuzwa kwa jina jingine, Blood Couple. Nakala kamili ilinusurika katika Museum of Modern Art, jumba lilelile. Nimeshaagiza toleo lililokarabatiwa. Lile lililokatwa lipo mtandaoni bure, lakini nitasubiri diski ifike.