Choo cha kuegemea ukuta, mabomba yote ndani: uzoefu wangu Mombasa

Choo hiki nakipa alama 4 kwa 5. Bakuli limegusa ukuta, tangi limejificha nyuma ya ukuta wa bandia, hakuna paipu wala kona ya kushika uchafu. Kupiga deki ni dakika mbili. Alama moja nimeikata kwa sababu hakitaki vipimo vya kukisia.

Kazi huharibikia kwenye paipu ya inchi 4 ya maji machafu. Bakuli langu linataka katikati ya paipu iwe sentimita 18 juu ya sakafu, na sakafu yenyewe ni ile iliyokwisha kuwekwa taili. Fundi akipima kutoka kwenye zege, taili na saruji yake zikaja juu sentimita 3 au 4, paipu inabaki chini mno na raba ya kuziba kiungo cha bakuli na paipu inakaa upande. Urefu nao una yake: paipu ikitokeza sentimita moja tu zaidi, bakuli halifiki ukutani, linabaki pengo la kupitisha kidole. Mafundi wengi hapo huziba kwa saruji nyeupe. Usikubali. Paipu ikatwe, mdomo ulainishwe kwa tupa, raba ipakwe sabuni ya maji, ndipo bakuli lisukumwe. Kiunganishi cha bakuli na paipu chagua kigumu. Kile cha kukunjika kina makunyanzi yanayonasa karatasi.

Bakuli hushikwa na vyuma viwili vya pembe vilivyofungwa sakafuni, skrubu moja kila ubavu. Skrubu zilizokuja nalo nilibadilisha nikaweka za chuma kisichoshika kutu. Hewa ya bahari inazila haraka zile za kung'arishwa juu juu, na kutu inachuruzika kwenye taili.

Sasa maji. Wengi tunategemea tangi la juu ya paa. Likiwa mita 3 juu ya choo, presha ni kama baa 0.3 tu, kwa hivyo valvu ya boya, ile inayojaza tangi la choo, iwe ya presha ndogo, la sivyo utasubiri sana tangi hilo lijae. Maji ya kisima yenye chumvi nayo huacha ukoko mweupe kwenye chujio la valvu, na chujio lazima lisafishwe. Ndiyo maana ukuta wa bandia usizibwe moja kwa moja: acha kifuniko cha kufunguka, mkono ufike hadi kwenye koki ya nusu inchi. Bila hicho, raba ya shilingi chache itakuvunjisha taili. Shatafu ipewe koki yake peke yake.

Kabla ya kufunga ukuta, flashi mara 6 huku kila kiungo kimezungushiwa karatasi ya chooni. Hata tone moja litaonekana. Silikoni huja mwisho, na uache sentimita 5 bila kuziba karibu na ukuta. Kiungo kikianza kuvuja, maji yatatokea hapo badala ya kujificha chini ya bakuli. Kisikaliwe mpaka saa 24 zipite.