Kompendiamu ya uhalifu na rangi pale Mwanga: nunueni ila fungueni kwenye grafu kwanza

Kwa mnaosoma Chuo Huria hapa Kigoma, na hata msiosoma popote ila mnapenda mambo haya, kuna steshenari moja Mwanga (jina naliacha maana nina nongwa nao kidogo) wanauza kompendiamu (makala za kusomea zilizokusanywa na kubaindiwa pamoja) ya sosholojia ya uhalifu na mahakama za Marekani, elfu kumi na mbili, spairo na kava la plastiki. Kila makala imewekewa ukurasa mmoja wa muhtasari kwa Kiswahili na huo ndo ulionitoa hela, maana Kiingereza cha hao maprofesa kinatoa jasho.

Inaanza na Du Bois wa 1899, mwanasosholojia mweusi wa Marekani, aliyepita nyumba kwa nyumba Philadelphia akaonyesha kwamba uhalifu wa weusi pale ulitokana na hali ya maisha na kunyimwa kazi, sio damu. Fresh, nimeipitia haraka.

Uhondo uko kwa Devah Pager, mwanasosholojia wa Marekani. Huyu mama mwaka 2001 alichukua vijana wanne pale Milwaukee, wazungu wawili weusi wawili, wote wanachuo na wanajieleza vizuri, akawatuma kuomba kazi za kawaida kwa waajiri 350, na kila jozi wakawa wanapokezana kujifanya mmoja ametoka jela miezi 18 kwa kesi ya dawa za kulevya, kesi ya kutunga tu. Mzungu asiye na kesi aliitwa mara 34 kwa kila 100, mzungu "mfungwa" 17, mweusi asiye na kesi 14, mweusi "mfungwa" 5. Yani mweusi msafi kazidiwa na mzungu aliyetoka lupango!

Sasa hapo hapo ndo walipoharibu. Grafu yenyewe ina nguzo nyeupe na nyeusi, tona yao imemwaga wino nguzo zote zikawa nyeusi tii, hujui nani ni nani 😂 Nikarudisha. Dada wa mashineni akasema "kaka, faili ndo lilivyo", nikamwandikia namba kwa kalamu, akaziangalia weee, akauliza "kwa hiyo huyu hajafanya kosa na bado hapigiwi simu?" Akanitolea ukurasa mwingine bure, safari hii unasomeka. Kwa huduma sina neno, tatizo wangekagua kabla ya kubaindi.

Makala ya Baldus, profesa wa sheria aliyechunguza rangi na hukumu ya kifo, ndo imeumia zaidi, jedwali limekatwa ubavuni na hilo hawakuwa na la kufanya. Bahati muhtasari umeokoa: kesi za mauaji zaidi ya 2,000 za Georgia, aliyeua mzungu alikuwa na uwezekano mara 4.3 wa kupewa hukumu ya kifo kuliko aliyeua mweusi, na mwaka 1987, kwenye rufaa ya McCleskey, mweusi aliyehukumiwa kifo Georgia, Mahakama ya Juu ya Marekani kwa kura 5 kwa 4 ikasema takwimu hizo hazitoshi kuonyesha kwamba mshtakiwa huyu mmoja ndiye kabaguliwa. Mimi nilikaa na hiyo hoja usiku mzima nikaichukia, halafu nikaona kwanini hakimu ataipenda.

Kinachoniudhi kuliko wino ni kwamba humo ndani hakuna hata ukurasa mmoja wa huku kwetu. Sawa sisi wote weusi, lakini mtu wa Buhigwe au Kasulu mwenye jina la Kiha na lafudhi yake anajua anavyoulizwa "wewe Mrundi?" kabla hajaulizwa amefanya nini. Mtu angetuma vijana wawili wenye vyeti sawa, mmoja jina la Kiha mmoja jina la pwani, waombe kazi ile ile, tuone nani anapigiwa. Mwalimu aliyeandika hiyo mihtasari anaweza kabisa, lugha anayo.

Nyota tatu na nusu. Ombeni mfungue ukurasa wa grafu na majedwali ya Baldus kabla ya kulipa, na kama una simu ya maana waambie wakurushie faili WhatsApp, kwenye skrini nguzo zinaonekana vizuri. Jumapili wamefunga, M-Pesa wanapokea ila uongeze ya kutolea.