Kuomba matuta ya barabarani kwa kaunti: uzoefu wangu na huduma ya ushirikishaji wa umma

Nyota tatu kati ya tano. Kikao cha ukumbini peke yake ningekipa moja na nusu, na ile asubuhi ambayo mhandisi wa kaunti alitembea nasi barabarani ningeipa tano bila kusita. Mengine yote yanaangukia katikati. Ninawaandikia wale wenye barabara ya kaunti inayopita mbele ya shule au soko, wanaotaka kitu kifanyike mapema, na ambao kila wakiuliza huambiwa wasubiri ushirikishaji wa umma, yaani vikao vya kaunti vya kusikiliza wananchi. Kaunti yenyewe nitaiacha bila jina. Katika kaunti hizi 47 za Kenya nadhani zipo nyingi zinazofanana nayo.

Barabara yetu inachepuka kutoka barabara kuu, inapita sokoni, shule ya msingi na zahanati, kisha inateremka hadi mtoni. Ilipokuwa ya murram mashimo yenyewe yalitulinda, maana hakuna aliyeweza kukimbia. Lami ilipofika tulichinja mbuzi. Muda si muda mwendo nao ukafika. Njia ya waendao kwa miguu haikujengwa, kwa hiyo watoto hutembea ukingoni mwa lami, mtaro upande mmoja na magari upande wa pili, huku bodaboda wakipenya katikati. Takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, huonyesha kwamba zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani nchini kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la waendao kwa miguu, likifuatiwa na la wa pikipiki. Ukitaka kujua kwa nini, njoo usimame mbele ya shule yetu saa kumi jioni.

Kabla hujaomba chochote, mjue mwenye barabara. Hapo ndipo huduma hii huanza kuchosha. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali kuu barabara kuu za kitaifa, na serikali za kaunti zinapewa barabara za kaunti. Kwenye karatasi mambo ni mepesi: daraja la A, B na C ni za taifa, D kwenda chini ni za kaunti. Mashinani, KeRRA, mamlaka ya serikali kuu ya barabara za vijijini, imeendelea kutengeneza baadhi ya hizo hizo za kaunti, na magavana na wabunge wamefikishana hadi mahakamani wakigombea pesa za ushuru wa matengenezo ya barabara, ule tunaokatwa kila tukinunua mafuta, shilingi 25 kwa lita tangu Julai 2024. Sisi tulichoona ni ofisi moja ikitutuma kwa nyingine, na hiyo nyingine ikiturudisha tulikotoka. Kilichotunasua ni namba ya barabara. Usiandike "barabara ya sokoni". Tafuta namba yake rasmi na uiweke juu ya kila barua. Karani akiiona namba, hawezi kusema "hiyo si yetu" mpaka afungue faili.

Sasa kikao. Tangazo lilitolewa gazetini, lakini sisi tulilisikia kwa mzee wa kijiji. Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki, soda, na kitabu kinene cha makadirio ya bajeti, kwa Kiingereza, nakala chache ambazo hazikuvuka safu ya mbele. Mheshimiwa wa wadi alifungua kwa kuzungumzia basari, na basari zikala nusu ya asubuhi. Ilipofika zamu ya barabara, mama mmoja anayeuza nyanya alisimama akasema watoto wanatuishia, tunataka matuta. Makofi yakapigwa. Karani akaandika: matuta, barabara ya sokoni. Yajengwe wapi, ya namna gani, na kama kweli ni matuta yanayohitajika, hakuna aliyeuliza. Mstari ule ulikuja kutokea kwenye ripoti kama "wananchi waliomba matuta", na ukaishia hapo.

Sitaki kuwaonea maafisa waliokuwa pale. Ukumbi mmoja hauwezi kubeba bajeti ya kaunti ndogo nzima, kuanzia maji hadi chekechea, na bado ukapanga usalama wa barabara moja. Lakini kama umeambiwa kwamba kikao ndicho huduma yenyewe, umeelekezwa vibaya. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mkazi haki ya kupeleka ombi la maandishi, na inailazimu kaunti kulijibu. Huo ndio mlango tulioutumia. Mlango huo hauna soda, ila una muhuri wa tarehe ya kupokelewa, na ule muhuri ndio kila kitu.

Barua inayosema "magari yanaenda kasi" haimsumbui mtu, kwa hiyo tulipima. Wanafunzi wa kidato cha tatu walichora alama mbili kando ya lami, mita 100 kutoka moja hadi nyingine, wakakaa ng'ambo ya mtaro, mbali na magari, na simu yenye saa ya kuhesabu. Hesabu ni rahisi: gari likimaliza mita hizo kwa sekunde 12 linakwenda kilomita 30 kwa saa, kwa sekunde 7.2, kilomita 50, ambacho ndicho kikomo ndani ya maeneo ya biashara na miji. Kwa sekunde 6, kilomita 60. Magari mengi mbele ya shule yalimaliza kabla ya sekunde ya sita. Kwa mwendo huo, dereva aliyeona mtoto hutumia kama mita 17 katika ile sekunde moja ya kushtuka, kabla mguu haujagusa breki. Na gari la kilomita 60 hubeba nguvu mara nne ya lile la 30, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Tulijaza jedwali la ukurasa mmoja, tukachora ramani kwa mkono, tukaweka alama pale mahali watu walipogongwa. Majina hatukuandika.

Kwa jedwali lile tulipata ile asubuhi ya nyota tano.

Mhandisi alikuja na buti, mkanda wa kupimia na mwanafunzi wa mafunzo ya kazini. Alitembea nasi kutoka sokoni hadi zahanati, kisha akarudi upande wa pili, na wakati mwingi alikuwa akiuliza maswali tu. Watoto wanavuka wapi hasa, si mahali mnapotaka wavuke? Saa ngapi? Matatu husimama wapi? Mvua ikinyesha maji yanapita wapi? Mzee wetu wa kamati alimkatiza.

"Kijana, sisi tumeomba matuta. Tupe matuta matatu, mambo yaishe."

"Matuta mtapata, mzee wangu. Lakini njoo kwanza nikuonyeshe bodaboda watakavyoyakwepa."

Akamsogeza hadi ukingoni mwa lami, akaonyesha nafasi iliyobaki kati ya lami na mtaro. Tuta likiishia pale lami inapoishia, pikipiki hupita pembeni, na pembeni ndipo watoto wanapotembea. Maana yake, tuta bila vigingi vya kuzuia linaweza kuihamisha ajali kutoka katikati ya barabara hadi njiani mwa watoto. Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria, na nimekaa hapa tangu utotoni.

Alitueleza pia kuhusu umbo. Matuta ambayo vijana huyajenga usiku, baada ya ajali, kwa mawe na saruji, ni mafupi na makali. Yanavunja springi za ambulensi, yanamwangusha mwenye pikipiki gizani, na dereva mjanja wa gari kubwa akiyapita kwa kasi hata hayasikii sana, kwa sababu gurudumu huruka na mwili wa gari ukabaki palepale. Tuta zuri ni refu. Lile la mgongo wa duara lililotokana na majaribio ya Uingereza miaka ya 1970 lina urefu wa karibu mita 3.7 kwa kufuata barabara, na kimo cha sentimita 10 tu. Ukilipita polepole hulisikii. Ukilipita kwa kasi linakurusha. Lisiwekwe kwenye kona wala penye mteremko mkali, na lisizibe maji. Kabla yake lazima pawe na alama inayoonekana, la sivyo tuta lenyewe ndilo litakaloua.

Kivuko cha milia tulichokuwa tumekiomba alikikataa pale tulipokiweka. Rangi peke yake haisimamishi gari, alisema, ila humpa mtoto imani kwamba litasimama. Alitaka kivuko kiinuliwe juu ya tuta lenye bapa, ili gari lipunguze mwendo kwa lazima. Na steji ya matatu ihamishwe, ipite mbele ya kivuko, maana matatu iliyosimama kabla yake humficha anayevuka. Hiyo ya steji haigharimu karibu chochote, na kwangu ndiyo iliyokuwa wazo bora la siku nzima.

Halafu tukafika kwenye kona ya nyasi za napia. Zimepandwa ndani ya hifadhi ya barabara, ile ardhi iliyotengewa barabara pembeni mwa lami, zimepita kimo cha mtu, na anayetoka zahanati haoni gari mpaka liwe limemfikia. Mhandisi akauliza ni za nani. Kamati nzima ikatazama chini, kwa sababu zilikuwa za mweka hazina wetu. Namshukuru: zilikatwa wiki hiyo hiyo, na ng'ombe wake wakala vizuri.

Suala la soko halikwenda kirahisi hivyo. Meza za mboga zimekaa mpaka kwenye bega la barabara, na wateja husimama juu ya lami wakichagua sukuma wiki. Kwa mpango wa mhandisi, pale ndipo njia ya miguu ingepita. Akina mama walisikia neno "hifadhi ya barabara" na wakasikia tingatinga, na sikuwalaumu. Tumeona vibanda vikibomolewa alfajiri bila barua. Hapa ofisi ya kaunti haikuwa na jibu. Idara ya barabara haihusiki na masoko, na afisa wa masoko hakuwa amealikwa. Yule mama wa nyanya ndiye aliyependekeza mtaro ufunikwe kwa slabu, meza zirudi nyuma yake, na watu watembee juu ya slabu. Mhandisi alipima, akasema inawezekana. Kama unaanza safari hii, waite wafanyabiashara siku ya kwanza, kabla ya mchoro wowote.

Kilichosaidia kuwashawishi waliobaki na shaka ni mfano wa majirani. Dar es Salaam, shirika la usalama barabarani la Amend limekuwa likifanya kazi ya namna hii kuzunguka shule za msingi zenye hatari kubwa, chini ya programu ya SARSAI: njia za miguu, matuta, vigingi, alama, hata kuhamisha geti la shule lifungukie upande usio na magari mengi. Ni vitu vidogo vya bei nafuu. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda tuzo ya miji ya WRI Ross Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa miji. Nilichowaambia wazazi ni kwamba hakuna lililo pale lisilowezekana kwetu.

Baada ya matembezi, kimya. Tuliandika kuomba nakala ya makadirio ya gharama, tukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria hiyo inaipa ofisi siku 21 za kujibu, na saa 48 kama habari inahusu uhai wa mtu. Kwa maoni yangu barabara inayoua watoto inahusu uhai wa mtu, lakini afisa hakuliona hivyo. Jibu lilikuja siku 21 zikiwa zimepita zamani. Angalau lilikuja, na ndani yake tuligundua kwamba mradi wetu umekadiriwa lakini haumo kwenye mpango wowote, kwa hiyo hauna pesa.

Hili ndilo ningependa ningeambiwa na mtu mapema: kalenda ina nguvu kuliko kelele. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha hufuata kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Vikao vingi tunavyoitiwa huja karibu na Aprili, wakati ambapo mistari mikubwa imeshachorwa. Peleka ombi lako kati ya Juni na Agosti, na uonyeshe linaingia kwenye ukurasa upi wa CIDP, mpango wa kaunti wa maendeleo wa miaka mitano, ya 2023 hadi 2027. Tulipofanya hivyo, mambo yalisogea.

Tulichopata hadi leo ni matuta mawili marefu upande huu na ule wa shule, vigingi vya zege pembeni, steji iliyohamishwa, na slabu kwenye kipande cha mtaro wa sokoni. Alama zimewekwa kwenye nguzo za zege, kwa ombi letu, kwa sababu za chuma huishia kwa wauza vyuma chakavu. Wanafunzi wamepima tena kwa alama zile zile. Mbele ya shule, magari sasa yanachukua sekunde nyingi kuliko 7.2, isipokuwa pikipiki chache na gari moja la miraa ambalo kila mtu analijua.

Ambacho hatujapata ni taa, njia ya miguu kuelekea mtoni, na kivuko cha zahanati. Nyota ya nne nimeizuia kwa sababu ya matengenezo: mkataba ulikuwa wa kujenga tu, na rangi ya matuta ilianza kufutika kwenye mvua za masika bila kuwepo ofisi iliyopangiwa kuirudisha. Tuliuliza, tukaambiwa tupeleke ombi. Tumelipeleka, pamoja na lile la kivuko cha zahanati, na yote mawili yamo kwenye rasimu ya mpango wa mwaka ujao. Yakipita Aprili nitarudi kurekebisha nyota.