Bekapu Kubwa, Tepu Pepe Nyingi: Uchague Mfumo Gani?

Bekapu ya GB 900 haiingii kwenye tepu ya GB 100. Itakatwa: tepu ya kwanza ikijaa, kinachobaki kinahamia ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Tepu zenyewe ni faili au folda tu kwenye diski zinazojifanya tepu. Kila muuzaji atakuambia mfumo wake unaweza kazi hiyo, na kweli unaweza. Muulize jingine: tepu ya tano ikiharibika, mimi nabaki na nini? Hapo ndipo majibu yanapoachana, na ndicho kipimo nilichopangia orodha hii.

1. Bacula juu ya diski zako. Programu ni huria, kwa hiyo pesa yote inaenda kwenye diski. Data inabanwa faili moja moja, kwenye mashine inakotoka. Ndiyo maana tepu ya kati ikiharibika unakosa faili zilizokuwa humo na zile zilizokatwa mpakani, lakini za tepu nyingine bado zinasomeka. Kasoro ni kwamba umbo la data ni la Bacula peke yake. Bila zana zake hupati kitu. Katalogi (orodha ya faili gani liko tepu gani) ikifutika, zana yake ya bscan huijenga upya kwa kupitia tepu zote, kazi ya kuchosha, kwa hiyo ifanyie bekapu na yenyewe.

Lazima uweke Maximum Volume Bytes (kikomo cha ukubwa wa tepu), la sivyo faili moja itavimba mpaka diski ijae. Kuna mtego mwingine ambao wengi huugundua diski ikishajaa. Tepu ikibeba mkia wa bekapu ya Jumapili pamoja na kichwa cha ile ya Jumatatu, haiwezi kutumika tena hadi zote mbili zipitwe na muda. Mnyororo huo ukirefuka, unakuta tepu kibao zimeshikiliwa na vipande vidogo vidogo. Weka Maximum Volume Jobs (idadi ya kazi kwa tepu moja) iwe 1, kila kazi iwe na tepu zake. Utasema tepu ya mwisho itabaki nusu tupu. Ibaki! Hii si kaseti ya LTO, tepu halisi ya kushikika, uliyoilipia nzima. Faili linakula nafasi ya kile kilichoandikwa tu.

2. Amanda. Nayo ni programu huria ya bekapu. Hapa kila tepu ni folda, na sehemu yake iitwayo chg-disk ndiyo inayozibadilisha. Kila kipande kina kichwa cha KB 32, kisha tar ya kawaida, yaani faili zilizofungashwa pamoja. Seva ikifa na Amanda haipo tena, dd na tar, zana za kawaida za Linux, zinatosha kukutoa, na kwa hilo inaishinda Bacula waziwazi. Kilichoiangusha nafasi ya pili ni ubanaji: zana ya gzip inabana bekapu nzima kama mkondo mmoja ndipo ikatwe, kwa hiyo kipande cha tano kikikosekana, cha sita na kuendelea ni takataka. Zima ubanaji wake, uachie ZFS, mfumo wa faili wa diski, ibane chini kwa chini. Na kumbuka runtapes (idadi ya tepu kwa kazi moja) huja ikiwa 1. Usipoipandisha, kazi inaishia tepu ya kwanza na hakuna kuvuka kokote.

3. Tape Gateway ya AWS. Ni huduma ya tepu pepe kwenye wingu la Amazon. Inamfaa mwenye programu ya zamani inayojua tepu tu. Tepu moja ni kuanzia GiB 100 hadi TiB 15. Shida inaanza ukishazipeleka kwenye Deep Archive, hifadhi yake ya muda mrefu: kuirudisha tepu moja kunaweza kufika saa 12. Bekapu iliyovuka tepu 9, ukiomba moja, usubiri, ndipo uombe nyingine, inaweza kukumalizia siku nne na nusu. Ziombe zote kwa mpigo. Afadhali zaidi, unda tepu kubwa tangu mwanzo ili kazi nzima ikae kwenye moja.

4. Mashine maalumu kama Data Domain. Ni nzuri kama tayari una mtandao wa Fibre Channel (mtandao maalumu wa hifadhi) na bajeti nene; leseni ya VTL (maktaba ya tepu pepe) hulipiwa kando. Usibane wala kusimba data kabla haijafika huko, maana kazi yake kubwa ni kuondoa marudio, na data iliyosimbwa haina marudio ya kuondoa.

mhVTL sijaipa nafasi, kwa sababu naiona ya majaribio. Ni ya bure, inaigiza maktaba nzima ya tepu ndani ya Linux, ila moduli yake hujengwa upya kila kiini (kernel) cha Linux kinapobadilishwa. Itumie kabla hujalipa mtu: unda tepu ndogo tatu, ivushe bekapu, ficha ya kati, kisha rudisha.

5. GNU tar yenye -M. Ni ile tar ya Linux, na -M huiruhusu kuvuka tepu nyingi. Inakata vizuri kwa -L (ukubwa wa tepu), inakataa kuunganishwa na -z (ubanaji), na haina katalogi kabisa. Kwa seva moja inatosha. Zikifika tano, kujua faili gani liko tepu gani itakuwa kazi yako wewe na daftari.