Printa imezibuka, lakini kile kitufe cha "safisha kichwa" sitakisamehe

Mwenye printa ya wino iliyoziba, nakuomba, usikibonyeze tena kile kitufe kabla hujasoma haya.

Yangu ni ya aina ambayo kichwa, yaani sehemu inayonyunyiza wino kwenye karatasi, kimefungwa ndani ya mashine, si zile ambazo kichwa huja na katriji, kile kikasha cha wino, ukibadilisha katriji umepata na kichwa kipya. Ilikaa muda mrefu bila kazi. Siku nilipoihitaji, ikatoa karatasi yenye michirizi mieupe, na nyeusi haionekani kabisa. Menyu ikanishauri nisafishe kichwa. Ikanguruma, ikahema, ikanguruma tena. Karatasi ya majaribio ikatoka vilevile. Rudia, ikasema. Nikarudia, nikarudia, mpaka ikanitangazia kuwa manjano imekwisha. Manjano! Ya kuchapa nini?

Nikaipeleka kwa fundi. Hakufungua hata kifuniko. "Kaka, hii tupa, kanunue nyingine." Nikamuuliza kama hakuna namna ya kuzibua. Akacheka, akarudi kwenye simu yake. Kicheko kile kilinirudisha nyumbani na hasira za kuzibua mwenyewe.

Nilitumia maji yaliyokenekwa (yasiyo na madini), ya vuguvugu. Ya bomba yana madini, na vitundu vya kichwa ni vyembamba kuliko unywele. Nikachomoa umeme wakati kichwa kimesogea katikati, nikakunja kitambaa kisichotoa nyuzi, nikakilowesha, nikakiweka chini na kukivuta kichwa taratibu kije juu yake. Kikalala hapo usiku kucha. Wako wanaosukuma maji kwa bomba la sindano. Mimi sikuthubutu, maana presha ikizidi unaua kichwa chenyewe.

Lakini chanzo cha yote nilikikuta pembeni, pale kichwa kinapoegeshwa. Pana kikombe kidogo cha mpira kinachokifunika kichwa kisikauke, na pampu hufyonza wino kupitia hapo hapo. Ukingo wake ulikuwa na magamba ya wino mkavu. Kikombe hakibani, pampu inafyonza hewa! Ngurumo zote zile zilikuwa kelele tu. Nikaufuta ukingo ule kwa pamba yenye maji mpaka ukang'aa, nikaiwasha printa, nikaruhusu usafishaji mmoja. Nyeusi ikaja kamili, na mistari yote ya majaribio ikatimia. Nilipiga kelele mwenyewe chumbani, jamani.

Furaha ile haikudumu. Niliitoa katriji ya manjano iliyodaiwa kuwa tupu, na ilikuwa nzito. Kumbe mashine haipimi wino uliobaki, inakisia kwa hesabu, na kila "usafishaji" inakukata hata kama haikufyonza kitu. Nilikuwa nimeiita mlevi wa wino; afadhali ingekuwa inakunywa kweli. Na hata pampu ikifanya kazi vizuri, wino huo unamwagwa kwenye sponji iliyofichwa chini, nayo ina hesabu yake. Hesabu ikifika mwisho, printa inagoma kabisa mpaka sponji ishughulikiwe.

Nikiwa mkweli, ikichapa inachapa vizuri. Picha zinatoka na rangi tulivu, maandishi makali. Siku hizi naizima kwa kitufe chake chenyewe, kamwe si swichi ya ukutani, ili kichwa kiende kukaa kwenye kikombe chake, na mara moja moja natoa ukurasa wenye rangi zote. Haijaziba tena.

Kwa maji na pamba natoa nyota tano. Printa nilikuwa nimeshaiandikia tatu, labda hata nne kwa ajili ya zile picha. Muda huu huu nimetaka kuchapa barua, maandishi meusi matupu, imekataa. Inadai manjano. Nyota moja, na hiyo moja ni ya picha.